Neno Lililozikwa Chini ya Wimbo

Nilimvunja Wilbroad taya kwa deki ya video, na kitu pekee ninachokisikitikia ni deki. Ndivyo nilivyomwambia askari siku ile, mdomo ukiwa umenitangulia kama kawaida yangu, naye akaandika vilevile kwenye maelezo. Sasa wakili ananiambia kwamba ningekuwa na akili ningenyamaza. Mama yangu alikuwa akisema hasira zangu zilizaliwa kabla yangu, zikakaa mlangoni zikinisubiri. Lakini hata hilo nililomwambia askari halikuwa kweli. Kulikuwa na kitu kingine cha kusikitikia, kikubwa kuliko deki, nami sikuwa na ujasiri wa kukitaja.

Naitwa Damasi. Mjini Babati wananiita Baba Rose, ila wenye umri wanakumbuka nilipokuwa Damasi wa Video, maana kwa miaka kumi hakuna harusi ya maana iliyofungwa kati ya Dareda na Singe bila mimi kusimama karibu na madhabahu nimebeba kamera begani na hedfoni masikioni. Siku hizi kila mtoto ana simu, na mimi nimebaki na kibanda nyuma ya soko. Napiga picha za pasipoti, natoa kopi, nahamisha kanda za zamani kwenye DVD. Kazi hii ya mwisho ndiyo inayoniweka mjini. Watu wana kanda zilizoota ukungu kabatini, deki zao zilishakufa, na kila wenye jubilei ya ndoa wanataka harusi yao ionyeshwe ukutani ukumbini ili watoto wacheke suruali za baba zao.

Ni kazi isiyokubali haraka. Kanda ya saa tatu inahamishwa kwa saa tatu. Unakaa, unaitazama yote, hata pale shangazi anapogawa pilau kwa nusu saa.

Jumatano ya wiki ya jubilei yake, Wilbroad aliingia kibandani na kanda mkononi na mke nyuma yake. Wilbroad ana shamba kubwa la mahindi na mbaazi kule Singe, ana trekta, ana kiti cha mbele kanisani. Pia ana mkono mwepesi. Singe nzima inaujua mkono wa Wilbroad, na ukiuliza unaambiwa kila nyumba ina mambo yake. Mke wake, Marietha, alikuwa amefungwa hogo la plasta mkono wa kulia, bado jeupe, halijapata hata doa la jikoni. Chini ya poda jicho lake moja lilikuwa la zambarau.

"Shikamoo, Baba Rose."

"Marahaba, Mama Scola. Mkono umekuwaje?"

"Ameanguka," alijibu Wilbroad. "Alikuwa anakimbilia kitenge cha sare ya jubilei." Akacheka peke yake.

Akaweka kanda mezani. Niliitambua kabla sijaigeuza, maana mwandiko ulikuwa wangu: Harusi ya Wilbroad na Marietha, Septemba 1999.

"Jumamosi nataka ionekane ukutani," alisema. "Iweke kwenye DVD vilevile ilivyo. Na nyimbo zake palepale zilipo. Usiguse kitu, Damasi."

Aliponiita Damasi badala ya Baba Rose, alinitazama kidogo zaidi ya kawaida. Nikasema sawa, aje Ijumaa asubuhi. Nilikuwa najua anazungumzia wimbo gani.

Kesho yake mchana Marietha alirudi peke yake. Mumewe alikuwa gereji na trekta, naye alikuwa amemuaga kwamba anakwenda kununua maua ya kanisa. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Alisimama mlangoni, akaangalia kulia na kushoto, kisha akaingia na kurudisha mlango.

"Baba Rose, wimbo ule unaweza kutolewa?"

"Wimbo upi?"

"Unaoanza Padre anaponiuliza. Midomo yangu inaonekana inasema kitu, halafu inakuja kwaya." Alikuwa anazungumza polepole, kama mtu aliyejipanga njia nzima. "Kila Krismasi wageni wakija Baba Scola alikuwa anaweka kanda hii. Ikifika hapo anaisimamisha. Anasema, mwoneni mke wangu anavyosema ndiyo. Deki ilipokufa akawa anasimulia kwa mdomo."

Nikamwambia ndivyo kanda za harusi zilivyokuwa, nyimbo kila mahali.

"Mimi najua sikusema ndiyo," alisema. "Yaani nilikuwa najua. Lakini miaka ishirini na mitano naambiwa nilisema. Nikipigwa naambiwa ulisema mwenyewe. Mama yangu aliniambia nilisema mpaka anaingia kaburini. Siku hizi nikifumba macho naisikia sauti yangu kabisa, ndiyo. Nataka kujua kama nimekuwa mwongo."

Kisha akaniambia lililomleta. Mwezi wa tano aliandika barua ofisi ya jimbo kwamba ndoa ile aliburutwa, na kwa sheria ya Kanisa ndoa ya kuburutwa si ndoa. Wakamjibu alete shahidi au kithibitisho. Mashahidi wote walikuwa watu wa Wilbroad au walikuwa wamekufa. Na sasa imekuja jubilei.

"Nikisimama Jumamosi nikarudia ahadi mbele ya watu, shauri langu limekwisha. Kamba nitakuwa nimejifunga mwenyewe. Nilikataa kupimwa kitenge, ndipo akaukunja huu mkono kwenye mguu wa kitanda mpaka ukalia." Aliutazama mkono wake bila huruma. "Hataniua kwa siku moja, Baba Rose. Ataniua kidogo kidogo, na mimi nitakuwa nimemruhusu mara mbili."

Hapa inabidi nieleze jambo la kazi yangu, maana bila hilo mtu hataelewa. Deki za kawaida, zile walizokuwa nazo watu wote wa Babati, zinasoma sauti moja tu, inayopita ukingoni mwa mkanda kama njia ya miguu pembeni mwa shamba. Deki kubwa inasoma na sauti ya pili, ambayo imezikwa chini ya picha zenyewe. Fundi akitaka kuweka muziki, anaiweka kwenye ile njia ya ukingoni. Ya zamani ya ukingoni inafutika. Ile ya chini haifutiki mpaka ufute na picha. Kwa hiyo kanda ya Wilbroad kwenye deki ya Wilbroad ilikuwa inaimba, na kwenye deki yangu, ukibonyeza kitufe kimoja, ilikuwa inasema.

Mimi nilikuwa nalijua hilo tangu mwaka tisini na tisa.

"Nani aliweka wimbo?" Marietha aliuliza.

"Mafundi wa Arusha," nikasema. "Mimi nilikuwa napiga picha tu. Kanda nawapelekea wao."

Uongo ulitoka mwepesi. Hata sikuona aibu wakati huo, nilikuwa nimeshika waya.

Nikaingiza kanda kwenye deki, nikawasha rekoda ya DVD na diski mpya ndani yake. Tukaanza kwa wimbo. Akaonekana yeye mwenyewe, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka milimani upande wa Mbulu, shela mpaka machoni, kope zimevimba. Watu wakiona bibi harusi analia wanafurahi, wanasema huyo amelelewa, anawalilia wazazi wake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake siku ile, na nilijua uvimbe wa kilio na uvimbe wa ngumi. Upande wake wa kulia alisimama Wilbroad. Nyuma yake alisimama Egidius, kaka mkubwa wa Wilbroad, msimamizi wa harusi. Padre alikuwa mgeni, amekuja kumshikia paroko likizo, hajui Kiiraqw, lugha yetu, hata cha salamu.

Padre akafungua mdomo. Kwaya ikaanza kwa shangwe, ngoma na vigelegele, na midomo ya msichana ikacheza bila sauti.

"Hapo," alisema Marietha.

Nikarudisha nyuma kidogo. Nikabonyeza kitufe.

Kwaya ikapotea. Ikaja sauti ya kanisa lenyewe, mtoto anakohoa, benchi linalalamika. Kisha Padre, kwa Kiswahili chake cha polepole: "Marietha, umekuja hapa kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu?"

Halafu sauti ya msichana, ndogo lakini imenyooka, kwa Kiiraqw. Alisema: "Sijaja. Nimeletwa. Wananipiga tangu Alhamisi."

"Anasema nini?" Padre akauliza.

Na Egidius, kwa sauti ya kanisani, tamu: "Amesema ndiyo, Padre. Kiswahili kinamkimbia tu, anaona aibu."

Watu wakacheka kidogo. Hicho ndicho ambacho mpaka leo sijakisahau. Kanisa zima lilikuwa linajua Kiiraqw. Mtu mmoja tu hakuelewa, na huyo ndiye aliyekuwa anauliza. Baada ya hapo msichana alirudia viapo neno kwa neno, na ukitazama vizuri unaona mkono wa Egidius umeingia chini ya shela, umeshika shingo kwa nyuma.

Marietha hakulia. Alisogea karibu na spika akainama, sikio lake likaligusa kabisa.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Mara ya tatu alikuwa anasema pamoja na sauti yake mwenyewe, maneno yale yale ya Kiiraqw, mwanamke wa miaka arobaini na nne na msichana wa kumi na tisa wakijibu kwa pamoja. Alipomaliza akavuta pumzi ndefu.

"Basi," alisema. "Nilisema. Sikuwa mwongo." Kisha akaniuliza kama diski ile inaweza kupelekwa jimboni.

Nikamwambia inaweza. Nikamwambia nitaifunga mara moja, maana diski isipofungwa na rekoda haisomeki kwenye mashine nyingine. Nikasimamisha kanda palepale kwenye neno lake, ili nihakikishe limeingia. Nilikuwa nimeinama nabonyeza, hivyo sikuona mlango unafunguliwa. Niligeuka nilipomsikia Marietha anarudi nyuma.

Wilbroad alikuwa amesimama mlangoni na spana ya gereji mkononi. Amesikia kiasi gani, sijui. Alisikia sauti ya kaka yake mara ya tatu, hilo nina hakika, kwa sababu neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Nilikwambia usiguse kitu."

Halafu hakunigusa mimi. Watu wa aina hiyo hawaanzi na wewe. Alimshika Marietha mkono wa hogo akaupiga kwenye ukingo wa meza yangu, mara moja, mara mbili, na hogo likapasuka, na sauti aliyoitoa Marietha sikupata kuisikia kwa mtu. Akaanguka magotini. Wilbroad akampiga teke la ubavuni kwa buti la shamba, akampiga lingine, akimwambia kwa sauti ya chini kabisa, karibu ya upole, "Maua ya kanisa. Maua ya kanisa." Nikamrukia mgongoni akanikung'uta nikagonga kabati. Spana ikanipata begani. Akaona rekoda, akabonyeza, diski ikatoka, akaivunja gotini vipande viwili na kuvikanyaga.

Kisha akamgeukia tena Marietha na kuinua spana, na safari hii alikuwa anakitazama kichwa.

Nilichokuwa karibu nacho ni deki. Niliivuta kwa mikono miwili, waya zikakatika, spika ikaanguka, nami nikampiga nayo usoni kwa nguvu zangu zote. Taya lilivunjika. Nililisikia. Akayumba, akashika meza, damu ikamwagika kwenye picha za pasipoti za watu. Spana ilikuwa imemtoka. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeacha. Nikampiga pigo la pili. La pili halikuwa la lazima, nalisema wazi, nitalisema na mahakamani. La pili lilikuwa la Egidius na la watu waliocheka, na sehemu yake kubwa lilikuwa langu mimi, ila aliyekuwa mbele yangu ni Wilbroad. Deki ikapasuka kichwani kwake na kuanguka sakafuni na yeye juu yake, kilo tisini za mtu.

Watu wa soko wakajaa mlangoni. Mtu akapiga kelele, "Ameua!" Hakuwa amekufa, alikuwa anakoroma kwenye damu yake. Mimi nilikuwa nimesimama, na niseme ukweli, nilikuwa najiona mwanaume. Nilikuwa nasubiri Marietha aniangalie.

Alikuwa anatambaa. Mkono mmoja kifuani, mwingine sakafuni, anatambaa kuelekea chini ya mume wake.

"Kanda, Baba Rose," alisema. "Kanda ilikuwa ndani."

Hasira hasara. Nilimviringisha Wilbroad pembeni kama gunia, nikaifungua deki kwa mikono. Nilikuwa nimeisimamisha kanda palepale kwenye neno lake, kwa hiyo pale ndipo mkanda ulipokuwa umezungushwa kwenye kichwa cha deki, umetoka kwenye kasha lake, uchi kabisa. Mkanda uliokatika mahali pengine unaungwa. Huu haukukatika, ulisagwa. Sekunde kumi za kanda ni urefu wa shibiri moja tu. Shibiri hiyo ndiyo iliyokuwa nyuzinyuzi na damu, na saa nyingine zote tatu za harusi, pilau na zawadi na shangazi zake, zilikuwa nzima.

Nilikaa mahabusu siku tatu. Marietha alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwa, akahamia kwa dada yake kule Mutuka. Wilbroad alipelekwa hospitali wakamfunga taya kwa waya. Jubilei ikaahirishwa, maana Padre wa sasa alisema mwenye jubilei lazima aweze kutamka. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu Wilbroad, Singe ilikuwa na utulivu.

Nilipopata dhamana, mtu wa kwanza kuja kibandani alikuwa Egidius. Ana miaka karibu sabini sasa, anatembea na fimbo, na sauti yake bado ni ileile ya kanisani. Nikamwamkia kwa sababu nimelelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa bila kukaribishwa. "Kesi ya kujeruhi ni mbaya. Wanaweza kukupa miaka. Una mke, una Rose bado yuko chuo. Sisi tumekaa kama ukoo, tumeona tuyamalize nyumbani. Wilbroad atasema mlikuwa mnabishana, akaanguka. Tutaifuta."

"Na mimi?"

"Wewe utaitwa na watu wa jimbo. Yule mwanamke amekutaja. Utasema kanda ilikuwa na wimbo. Si uongo, Damasi. Ilikuwa na wimbo, na wimbo uliuweka wewe." Akatabasamu na meno yake machache. "Funika kombe mwanaharamu apite."

Nilitamani kumpiga na yeye. Mkono ulishainuka, nikauona uko hewani, nikaurudisha mfukoni kama kitu cha kuazima. Nikamwambia nitafikiri.

Na nilifikiri. Ningependa kusema nilimfukuza, lakini nilifikiri siku mbili nzima. Nilifikiria jela ya miaka na mke wangu kwenye foleni ya kuniletea chakula. Nilifikiria pia mwaka tisini na tisa. Ningependa kusema nilitishwa. Sikutishwa. Wilbroad alikuja chumbani kwangu wiki moja baada ya harusi, nilikuwa nakula, akasema, "Pale kwa Padre weka wimbo, sauti haikutoka vizuri," nami nikasema sawa huku natafuna. Sauti ilikuwa imetoka vizuri sana. Niliisikia kanisani kwenye hedfoni, nikaisikia tena mezani. Nikachagua wimbo wa haraka wenye vigelegele, kwa sababu vigelegele vinafunika vizuri, na nikajisifu jinsi nilivyopatia palepale midomo ilipofunguka. Kombe nimelifunika miaka ishirini na mitano na mwanaharamu hajapita. Kumbe mwanaharamu mwenyewe ndiye aliyelifunika.

Mwezi wa kumi na moja nikaitwa. Padre wa mashauri ya ndoa alikuja kusikiliza kwenye ofisi ya parokia, na katibu wake mwenye daftari. Kwa kawaida shahidi husikilizwa peke yake, lakini Marietha aliomba awepo, na kwa kuwa kithibitisho kilikuwa kimeharibika, Padre akakubali akae nyuma asiseme kitu. Hogo lilikuwa limetolewa wiki hiyo. Mkono wake ulikuwa mwembamba, ngozi imepauka. Nje, chini ya ukuta, Egidius alikuwa ameketi kwenye benchi, na dirisha lilikuwa wazi.

"Damasi," alisema Padre, "wewe ulikuwepo na ulisikia. Mwanamke alijibu nini?"

Nikamjibu kwa Kiiraqw, maneno yale yale, kwa mpangilio uleule. Sikujua kwamba ninayajua vizuri hivyo. Yalitoka bila kukwama popote.

"Maana yake?"

Huyu naye hakujua Kiiraqw. Nikaona dirishani fimbo ya Egidius imeacha kugongagonga chini.

"Sijaja," nilisema kwa Kiswahili. "Nimeletwa. Wananipiga tangu Alhamisi."

Katibu akaandika. Padre akasugua macho.

"Egidius alimwambia padre yule amesema ndiyo," nikaendelea. "Akamshika shingo mpaka viapo vikaisha. Ipo kwenye kanda, picha ya mkono ipo mpaka leo, hiyo haikusagwa."

"Na kwa nini kwenye kanda neno hilo halisikiki?"

Ningeweza kusema limesagwa. Lingetosha. Nyuma yangu Marietha alikuwa ananitazama, nilijua bila kugeuka, na alikuwa ananitazama kama mtu wake, mtu mmoja mwema katika habari nzima hii. Miezi miwili alikuwa ananiletea viazi kutoka Mutuka. Alikuwa anawaombea wale mafundi wa Arusha Mungu awasamehe.

"Niliweka wimbo," nikasema.

"Nani?"

"Mimi. Hapakuwa na mafundi wa Arusha. Nililisikia kanisani, nikalisikia na nyumbani, nikalifunika kwa mkono wangu. Sikulazimishwa. Nilikuwa nakula."

Nilisikia kiti chake kinasogea. Alikuja mbele polepole, akapita kati yangu na meza ya Padre, akasimama. Alinitazama uso mzima, kipande kwa kipande, kama anayetafuta mahali. Kisha akanizaba kofi kwa mkono ule mwembamba uliotoka kwenye hogo, kofi zito ambalo mkono wa namna hiyo haukupaswa kuwa nalo, na masikio yangu yote mawili yakalia. Lazima lilimuuma yeye kuliko mimi. Akaushika mkono wake kifuani, akarudi kwenye kiti chake, akakaa.

Katibu alikuwa ameinua kalamu juu. Akamtazama Padre, akauliza kwa kunong'ona kama na hilo aliandike.

"Liandike," nikasema.